Swali Alilolitoa Mratibu

Mratibu wetu hakuweza kunywa chai amekaa. Akishika kikombe tu, miguu inaanza safari: dirishani, mlangoni, kwenye meza yangu, tena dirishani. Chai inamwagikia kisahani, kisahani kinamwagikia sakafu, na mama mhudumu wa ofisi alishazoea kupita nyuma yake na tambara kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Dirisha lenyewe lilitazama ziwa na yale mawe yetu ya Mwanza yaliyobebana. Mwenye moyo wa kutulia angesimama pale akajisahau. Yeye alitazama kidogo, akageuka, akasema, "Lile swali la nne bado limekaa vibaya." Habari ya swali la nne tulikuwa tumeiacha tangu jana yake mchana.

Kwao hasa ni wapi, ni wa ukoo gani, siwezi kusema. Pamoja na maswali yote aliyowaandikia watu wengine, mwenyewe hakupenda kuulizwa. Tulijua ametoka ng'ambo, upande wa Kagera, kwa kuwa akishangaa alisema "Waitu!", na kwa kuwa wiki ambayo ndizi nzuri hazikushuka melini alikuwa mkali bila sababu. Tulijua ni Mlutheri, maana akifikiri alivuma nyimbo za kanisani, ubeti wa kwanza tu, anaurudia mpaka unatamani umsaidie wa pili. Cheo chake kilikuwa kirefu, lakini sisi tulimwita Mratibu. Hata mumewe akipiga simu ofisini alisema, "Naomba Mratibu, kama yupo karibu." Karibu hakuwepo. Alikuwa koridoni anatembea.

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Ofisi ilikuwa ya serikali, inashughulikia mifugo, na miaka ile ya ruksa na soko huria serikali ilikuwa inaviachia vitu vingi ilivyovishika tangu sisi wadogo. Dawa ya kupe iliyokuwa ikimwagwa bure kwenye majosho ikawa haiji tena. Ng'ombe wakawa hawaogeshwi, majosho yakakauka, yakaota nyasi. Kisha ikaja habari kwamba zimepatikana fedha za kufufua majosho machache ya mkoa, mengine yafungwe kabisa, na hayo machache yachaguliwe kwa kuwauliza watumiaji wenyewe. Moja lilikuwa kwenye kijiji kimoja mbele ya Magu, ambako ndama walikuwa wanakufa kwa ndigana, ile homa ya kupe, hata watu wakachoka kuhesabu ngozi zinazoanikwa. Josho lile kufunguliwa au kuzikwa, jambo hilo lilimuingia Mratibu kama mwiba, na mpaka leo nikimkumbuka namkumbuka na mwiba wake.

Mimi nilikuwa mchapaji. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba, cheti kingine cha uchapaji, vidole vyepesi na ndoto mpya kila Jumatatu. Madodoso yote ya Mratibu, yaani zile karatasi za maswali, niliyachapa mimi kwenye stensili, halafu tukayarudufu kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kazi ya kuchapa ikipungua, ananipeleka vijijini kuuliza pamoja na Deusi, kijana wa Ukerewe aliyekuwa na mdomo kuliko mwili.

"Wiki hii unataka kuwa nani?" Mratibu aliniuliza siku moja, anapita.

"Rubani, mama."

"Wiki iliyopita?"

"Mtangazaji wa redio."

"Umemwambia nani zaidi yangu?"

"Hakuna."

"Basi huo bado ni upepo. Chapa."

Kesho yake nilikuta mezani kwangu ukurasa wa gazeti kuukuu wenye picha ya ndege, umekatwa kwa mkasi vizuri kabisa. Hakusema ni nani ameuweka, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeanza kumjua.

Swali halikufika kwenye stensili yangu kabla ya kupita motoni. "Jibu lake utalifanyia nini?" Hilo ndilo alilouliza juu ya kila swali. Mkuu wetu wa kitengo aliwahi kuongeza swali la dini ya mfugaji. Mratibu akamfuata na karatasi mpaka mezani kwake, mlango hakuufunga, tukasikia wote.

"Mkuu, akisema ni Mkatoliki, josho lake tutalijenga tofauti?"

"Ni kwa taarifa tu, Mratibu."

"Mtu ameacha jembe shambani, Mkuu. Ameacha mboga motoni. Tumwambie imeungua kwa ajili ya taarifa tu?"

Mkuu akalifuta, akacheka. Hakuwa mtu mbaya, yule. Alikuwa mtu wa safuwima: kila mstari uwe na kitu chake, na pasiwe na nafasi tupu, maana nafasi tupu ndizo alizoulizwa na wakubwa wa Dar es Salaam.

Deusi naye alipata zake. Aliandika: "Je, wewe kama mfugaji bora, upo tayari kuchangia dawa?" Akalipeleka kwa fahari. Mratibu akalisoma anatembea, akarudi, akamsimamia.

"Nani atasema yeye si bora?"

"Hakuna, mama."

"Sasa umemwekea mkono mgongoni, umemsukuma mlangoni, halafu unaandika kwamba ameingia mwenyewe. Na hapa chini, 'Je, unaogesha mara kwa mara?' Mara kwa mara ndiyo nini?"

"Mara kwa mara si... mara kwa mara, mama."

"Mara kwa mara yako wewe kuoga na mara kwa mara yangu mimi zinalingana?"

Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuchungulia. Deusi mwenyewe alicheka zaidi, akanusa kwapa lake mbele ya watu. Mratibu hakucheka, alikuwa ameshafika dirishani. "Uliza mara ya mwisho," alisema akiwa ametupa mgongo. "Mara ya mwisho ina siku yake, ina mvua yake, mtu anaiona. Mara kwa mara haina uso."

Maswali yakishachapwa aliyapeleka kivukoni. Hii ndiyo tabia yake iliyonipendeza kuliko zote. Alikata tiketi ya kwenda Kamanga, akavuka na abiria, akawajaribishia maswali njiani, na kivuko kikifika ng'ambo hakushuka. Alirudi nacho, na abiria wengine, na maswali yaleyale ameyakwaruza kwa kalamu. Alisema majini hakuna wa kukwambia ana haraka. Wafanyakazi wa kivuko walimfikiria vibaya, baadaye wakamzoea, mmoja akawa anampigia kelele kutoka juu: "Mratibu, leo umekuja na ya ng'ombe au ya mbuzi?"

Safari moja nilikwenda naye. Akamuuliza mzee mmoja aliyebeba kuku wawili wamefungwa miguu. Mzee akajibu mawili matatu, halafu akainama kwangu. "Huyu mama ni wa usalama?"

Mratibu akasikia. "Baba yangu, shikamoo yako niliitoa kwa mikono miwili. Wa usalama wana muda huo?"

"Marahaba, marahaba. Endelea basi. Lakini kuku sisemi nimewatoa wapi."

Tukiwa tunarudi akaniambia nisisikilize midomo tu. "Tazama miguu. Swali likimchosha mtu, mguu mmoja unageukia anakokwenda. Ukiona hivyo, makosa ni ya swali, usimlaumu yeye." Tangu siku hiyo siwezi kuongea na mtu bila kumtazama viatu.

Usinielewe kwamba alikuwa malaika. Mtu aliyetukataza kumtilia maneno mdomoni hata mlevi, kwake alikuwa anamjibia mumewe kila kitu. Walikaa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwanda. Mzee alikuwa ameshaachishwa kiwandani, mashine zimezimwa, na mshahara wa Mratibu ndio uliokuwa unabeba nyumba na ada za watoto. Jumapili nyingine alitukaribisha ndizi. Upepo ukigeuka inaingia harufu ya mapanki, yale mabaki ya sangara wa viwandani, yanayokaangwa mtaani, sisi tunameza mate.

"Mzee hapendi pilipili," anatuambia, anaondoa kibakuli.

Na mzee, mkono wake ulishafika kwenye kibakuli, anaurudisha taratibu, anatukonyeza. "Kumbe sipendi," anasema.

Na aliogopa ng'ombe. Mtu wa migomba, ng'ombe alimjua kwenye karatasi: magonjwa yake, tumbo lake, kupe wake kwa majina ya kitabuni. Lakini ng'ombe mzimamzima akipuliza pua karibu, Mratibu yuko nyuma yangu ameshika sketi yangu. Wasukuma walimcheka, na yeye hakukasirika. "Mimi nimekuja kuwauliza ninyi," alisema. "Wao watanisamehe."

Sasa nieleze tulivyokwenda Magu, maana bila hiyo mtu hawezi kumwelewa.

Mara ya kwanza tulikwenda na Landrova ya idara. Mbele alikaa Bwana Mifugo wa wilaya, ambaye miaka ya nyuma alikuwa akizunguka na watoza ushuru wa mifugo. Swali la kwanza kwenye dodoso, kwa amri ya Mkuu, lilikuwa: Una ng'ombe wangapi? Mratibu alilipinga, akashindwa. Mkuu alisema ndilo kichwa, mengine mkia.

Deusi alianza na mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda, na zizi liko nyuma yake linanguruma.

"Mwangaluka, baba. Una ng'ombe wangapi?"

"Sina."

Ng'ombe mmoja akalia, mrefu, mpaka tukangoja amalize.

"Na hao, baba?"

"Wa jirani."

Tukaenda kwa jirani. Jirani naye hana. Wale wa kwake ni wa shemeji, na shemeji amesafiri. Nyumba ya tatu, hawana. Ya nne walitupa maziwa mabichi kwenye kibuyu, tukanywa, wakatuambia hawajawahi kufuga. Deusi akafuta povu la maziwa mdomoni akaandika: sifuri. Mpaka jua linapinda tulikuwa na kijiji kizima chenye mazizi, chenye samadi mpaka magotini, na ng'ombe hakuna hata mmoja.

Mtu wa kule kumtajia mgeni idadi ya ng'ombe wake ni kama kuwaitia balaa. Tena zizini wengine si wako, umekabidhiwa na ndugu uwatunze, na wako wengine wako kwa ndugu. Juu ya hayo yote, serikali ikikuuliza idadi, mwaka ujao inakuja na stakabadhi. Hata mimi msichana wa mjini nilielewa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane mmoja, Mama Minza. Mkavu wa maneno, macho makali. Alijibu, "Sina," akatutazama. Nyuma yake, chini, ngozi mbichi ya ndama ilikuwa imewambwa kwa vijiti, nzi wanaipigania. Ndama alikuwa amekufa jana yake. Mratibu aliitazama ngozi, akamtazama yule mama, akamwambia, "Pole, mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Akafunga dodoso bila kuuliza swali la pili.

Gari likarudi mpaka barabara kuu. Halafu Mratibu akasema, "Tukipeleka hivi, josho halina watumiaji. Litafungwa, na tutakuwa tumelifunga sisi." Akachukua kalamu, akalikata lile swali la kwanza kwa mistari miwili. Bwana Mifugo akageuka kumtazama. "Na tukirudi," akaongeza, "hatuji na gari."

Ofisini kulikuwa na maneno. Nilikuwa naweka stensili mpya kwenye taipu, nikasikia yote kupitia mlango wa Mkuu.

"Mratibu," Mkuu alisema, na sauti ilikuwa ya kubembeleza, "bila idadi hawa wa Dar hawafungui hata ukurasa wa pili."

"Idadi ya uongo wataifungua?"

"Wataifungua."

"Waitu!"

"Sikiliza. Majina ya watakaopunguzwa kazini yapo mezani kwangu. Nami nina wakubwa. Usinifanye niandike jina la mtu ninayemheshimu, mwenye mzee nyumbani hana kazi."

Nikasikia viatu vya Mratibu, mara tatu, mara nne, ukuta hadi ukuta.

"Andika utakavyoona, Mkuu. Swali nimelitoa."

Alitoka akaja kwangu na kunisimamia. Mikono alikuwa ameificha mifukoni mwa sweta. "Chapa," akasema. "Anza na hili: Mara ya mwisho ng'ombe kuogeshwa hapa kijijini ilikuwa lini?"

Mara ya pili tulikwenda na basi mpaka Magu, na kutoka pale kwa miguu. Mvua ikatukuta kwenye majaruba ya mpunga, tukafika tumeloa mpaka kiunoni, Deusi ameweka madodoso kichwani ndani ya mfuko wa nailoni. Mama Minza alitufungulia, akatukokea moto, tukalala kwake. Na yule mwanamke mkavu wa maneno, hebu umsikie! Tulipomuuliza mara ya mwisho, akaikumbuka siku, akaikumbuka na nguo aliyovaa marehemu mumewe. Tulipouliza nini kiliwazuia tangu hapo, akatueleza dawa ya dukani inavyochanganywa maji mengi, akatueleza anavyonyunyizia kwa pampu ya kukodi, mkono mmoja umemshika ndama na mwingine unapiga pampu. Aliulizwa yuko tayari kuchangia nini, akasema dawa atanunua kwa pamoja na wenzake, lakini saruji ya kuziba nyufa za josho hawaiwezi. Hata yule mzee wa kigoda alikuja mwenyewe jioni kulalamika kwamba hajaulizwa. Tulikaa siku kadhaa. Kijiji kilisema yote.

Mwisho wa kila mazungumzo Mratibu alitaka tuseme sentensi moja, neno kwa neno, na akisikia umeiruka anakurudisha kwenye nyumba hiyo hata kama umeshavuka mto. Sentensi ilikuwa hii: "Yatakayoamuliwa mtayasikia kutoka kwetu, yawe matamu, yawe machungu." Yeye mwenyewe alimwambia Mama Minza akiwa amemshika mkono: "Kutoka kwangu mimi."

Karatasi zikaenda Dar. Orodha ya wanaopunguzwa ikatoka kabla ya majibu, na jina lake lilikuwemo. Mkuu alilia, nasema kweli, alitoka nje akajifanya anapenga kamasi. Mratibu alikusanya vitu vyake kwenye mfuko mmoja, akampa mhudumu kikombe, akanipa mimi kamusi iliyotoka jalada. Mlangoni akarudi. "Magu wakijibiwa," akasema, "nitumie mtu Nyakato. Hata usiku."

Majibu yakaja. Josho halikuchaguliwa. Barua ya Dar ilisema tu kwamba taarifa ya kituo kile haikuonyesha idadi ya mifugo. Nilikwenda Nyakato mwenyewe, kwa miguu, nalia njia nzima kama mtoto. Alisikiliza amesimama, akasema, "Asante, mwanangu," akaanza kukung'uta mkeka ambao haukuwa na vumbi. Baada ya hapo na kibarua changu kikaisha, kila mtu akatafuta pa kushika.

Mimi nilishika mchele. Nilinunua Magu kidogokidogo, nikauza Mwanza, huku nataka kufungua mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani. Masika yaliyofuata nilikuwa stendi ya Magu na magunia yangu, nikaona mwanamke anaizunguka Hiace isiyojaa, anaizunguka kama anataka kuinunua. Nikajua kabla hajageuka.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba! Umekonda. Unakwenda wapi?"

"Narudi mjini na mchele."

"Mchele hauozi. Nisindikize joshoni."

"Mama," nikasema taratibu, nikidhani labda amesahau, "josho lilifungwa."

"Ndicho ninachokwenda kuwaambia." Akatazama barabara. "Nauli imenichelewesha, na aibu. Zaidi aibu. Kila nikilala naamka."

"Si ofisi iliwaandikia?"

"Unaamini?"

Magunia niliyaacha kwa mama muuza uji, na Hiace hatukuingoja ijae. Njiani alitembea mbele, haraka, na alikuwa anajisemea chinichini, anajaribisha maneno. "Josho halitafunguliwa." Hatua chache. "Josho lenu, serikali imeamua..." Anatikisa kichwa. "Halitafunguliwa. Basi. Hivyohivyo."

Kumbe ofisi haikuwaandikia. Kijiji kilikuwa bado kinangoja saruji. Mwenyekiti aliita watu, wakakusanyika pembeni ya josho lenyewe, mtaro wa saruji uliopasuka, mbaazi pori zimeota ndani. Mratibu akawaambia. Hakuzungushia maneno. Akasema na yeye ofisini hayupo tena.

Halafu Mama Minza akauliza, "Limekataliwa kwa sababu gani?"

"Karatasi yetu haikuwa na idadi ya ng'ombe. Lile swali nililitoa mimi."

"Ulilitoa kwa nini?"

"Hamlipendi, mayu. Siku ya kwanza kila mtu alisema hana."

Watu wakacheka, wanasukumana. Mama Minza hakucheka.

"Siku ya kwanza mlikuja na gari," alisema. "Na bwana wa ushuru amekaa mbele. Ningesema nini?"

"Ndiyo maana nika..."

"Ngoja, mwenzangu. Mara ya pili ukaja kwa miguu. Umelala kwangu. Umekula kwangu. Umeniuliza kupe, umeniuliza ndama, umeniuliza hata marehemu alivyokuwa anaogesha. Hilo hukuniuliza."

Mguu mmoja wa Mratibu ukageukia barabarani, akaurudisha.

"Ungeniuliza wewe, ningekwambia."

"Mimi nisingesema!" mzee wa kigoda akadakia.

"Wewe hata kuku huna, nyamaza," Mama Minza akamjibu bila kugeuka, na watu wakacheka tena. Lakini macho yake hayakumtoka Mratibu.

Mimi nilitaka kuingilia kati, nimtetee, niseme alipoteza kazi kwa ajili yao. Nikamtazama, nikaona hataki. Uso wake ulikuwa umefunuka, mtupu, kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nilikujibia," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nimekujibia wewe, mayu. Nilitoa gari, nikatoa na swali, vyote siku ileile. Sikutaka kujua kipi ndicho kilichowafunga midomo."

"Ee. Ulinijibia."

"Nisamehe."

"Niulize sasa."

"Sasa mimi si wa serikali. Hata nikiandika sina pa kupeleka."

"Kwani Mwanza iko wapi? Miguu tunayo. Mwenyekiti huyu hapa, mdomo anao. Wewe niulize, huyu binti aandike, tutaipeleka wenyewe kwa huyo mkuu wenu. Akikataa, atukatae sisi tunamwona."

"Na atukatae!" mtu akasema nyuma. "Nauli tutachanga."

Mwenyekiti akanipa karatasi ya kaki ya kufungia sukari, nikaikunjua gotini. Mratibu akasogea karibu na yule mama. Akakohoa. Nilikuwa nimemsikia akisoma maswali mia mbele yangu, ofisini, kivukoni, kwenye mvua, lakini sauti hii sikuwa naijua.

"Una ng'ombe wangapi, mayu?"

Mama Minza hakutaja idadi. Aligeukia zizini kwake, akanyoosha mkono, akaanza kuwataja mmoja mmoja. Yule mweusi mwenye baka tumboni. Mwekundu, mama wa yule ndama aliyekufa. Mwenye pembe iliyovunjika, huyo si wake, ni wa kaka yake wa Kwimba, amekabidhiwa. Yule wa kijivu, mkaidi. Alitaja kwa haraka, kama mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito muda mrefu na sasa ameonyeshwa pa kukitua, na kalamu yangu ikashindwa kumfuata. Kushoto kwangu mwanamume mmoja akaanza kutaja wake, mwingine naye akaanza kabla huyo hajamaliza.

"Polepole, jamani," Mratibu akasema, "mmoja mmoja, polepole. Mayu, anza tena na yule mweusi."